Mama Pasi na Wimbo wa Lala Kwanza

Katika chumba cha kufulia cha hospitali, mwanamke waliyemwita Mama Pasi alikuwa amesimama mbele ya mashine ileile kwa miaka ishirini na sita. Haikuwa pasi ya kushika mkononi. Ilikuwa ni rola mbili ndefu zinazopashwa moto kwa mvuke, na kazi yake ilikuwa kuingiza shuka zenye unyevu upande mmoja, huku mwenzake akizipokea upande wa pili zimenyooka, akizikunja. Mikono yake ilijaa makovu kuanzia viwiko hadi vidole, mengine meupe ya zamani, mengine bado yanawasha. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, amebakiza mmoja astaafu. Wenzake walimheshimu kwa sababu hakuchelewa kazini na hakuwa mtu wa maneno mengi.

Walimheshimu pia kwa sababu ya mdogo wake. Mdogo wake, wa tumbo moja, alikuwa Nyuzi, mwimbaji na kiongozi wa bendi ya Ngozi na Nyaya. Bendi hiyo ilianza kabla baadhi ya manesi wa hospitali ile hawajazaliwa. Ilizichukua nyimbo za kina bibi, za kutwanga, za kulima na za kubembeleza watoto, ikazitia magitaa ya umeme bila kuziondolea ngoma zake, na watu wakazipenda kana kwamba hawajawahi kuzisikia.

Siku moja Nyuzi alisema redioni kwamba bendi inatimiza miaka thelathini na mitano, na kwamba katika onyesho la kuadhimisha, nyimbo kumi na mbili zitakazopigwa zitachaguliwa na mashabiki wenyewe. Kuanzia siku hiyo chumba cha kufulia hakikutulia. Mtu aliyesimamia tanuri la mvuke, ambaye kila mtu alimwita Boila, ndiye aliyekuwa katibu wa kundi la mashabiki kwenye simu, kundi la watu mia nne na zaidi. Kila siku saa nne asubuhi, chai ikishamiminwa, alitoa simu mfukoni na karatasi nyuma ya sikio.

"Daraja la Kamba lazima liwepo," alisema. "Lile la dakika kumi na saba. Si hili walilolikatakata kwa ajili ya redio."

"Dakika kumi na saba tumesimama tu?" alisema mshonaji, mwanamke mnene aliyetia shuka viraka na ndiye aliyezipokea kwenye rola. "Magoti yangu si ya chuma. Tuwekee Posta Imefungwa, tucheze, turudi nyumbani."

"Posta Imefungwa ni wimbo wa watu wasiojua muziki."

"Basi hao wasiojua muziki ndio wanaojaza viwanja. Nyinyi mnaojua mngetosha kwenye toroli langu hili."

Huko kwenye kundi hali ilikuwa mbaya zaidi. Mwalimu mmoja mstaafu alitaka umeme uachwe kabisa, bendi ipige kwa ngoma na zeze kama nyimbo hizo zilivyopigwa ujanani mwake, na kila aliyempinga alimwandikia ukurasa mzima. Wengine walitaka nyimbo mpya. Hao walikuwa watano, na mmoja wao alikuwa shemeji wa mpiga besi. Wawili walitukanana hadi wakatolewa. Mume na mke walikuwa wamenuniana siku tatu kwa sababu ya ubeti mmoja.

Ni wimbo mmoja tu ambao haukuwa na mpinzani, nao ulikuwa Lala Kwanza. Hapo ubishi ulikuwa kama uwe wa kufungulia au wa kufungia.

"Ukifungulia nao, watu wataondoka mapema," alisema Boila.

"Ukiuweka mwisho, watu watapiga kelele toka mwanzo wakiudai," alisema mshonaji. "Mama Pasi, wewe ndiye dada mtu. Unasemaje?"

Mama Pasi alikuwa ameshasimama. "Shuka za wodi ya wazazi hazijaisha," alisema, akaenda kwenye mashine yake, chai ikiwa nusu kikombe. Mshonaji alimtazama akienda. Si mara ya kwanza kumwona akiinuka wimbo ule unapotajwa, ila hakuwa amewahi kuuliza.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Miaka thelathini na minne nyuma, Mama Pasi alikuwa na binti wa miaka mitatu na nusu. Mumewe alikuwa dereva wa lori, wiki mbili yupo, wiki tatu hayupo. Nyuzi, kijana wa miaka kumi na minane wakati huo, alilala kwenye chumba cha uani katika nyumba ileile ya kupanga, yeye na gitaa lake. Mama yao alikufa mapema, na dada huyu ndiye aliyembeba Nyuzi mgongoni, akamfundisha kula na kusema shikamoo.

Mtoto alishikwa na homa Jumatatu. Walimpeleka hospitali, wakapewa dawa, wakaambiwa vitanda vimejaa, warudi hali ikizidi. Jumatano hakuwa anamtambua mama yake. Alhamisi asubuhi alifumbua macho akaomba maziwa, na kwa kuwa hakuwa ameomba kitu tangu Jumatatu, mama alikwenda mbio kuyachemsha. Aliporudi na kikombe, alimkuta amelala. Akaona heri apumzike, atayanywa akiamka. Akakaa kando ya kitanda, akamwimbia polepole maneno yaliyomjia tu: lala kwanza mwanangu, maziwa bado ya moto, nitakuamsha yakipoa. Aliimba karibu nusu saa. Jirani aliingia kuwajulia hali, akamgusa mtoto, kisha akamshika mama bega na kumwambia anyamaze.

Hakunyamaza. Siku ile, siku ya mazishi, na wiki nzima baadaye alipokuwa akifua nguo za mtoto uani, aliimba maneno yaleyale, mengine yakijiongeza yenyewe. Majirani walimwacha. Nyuzi alikuwa chumbani kwake, hatua nne kutoka kwenye karai la nguo, na alisikia kila kitu.

Miezi mitatu baadaye Mama Pasi alikuwa dukani akinunua sabuni. Redio ya muuzaji ilikuwa inaimba. Sauti aliijua kabla ya maneno, kisha akayajua maneno pia, ingawa yalikuwa yamebadilishwa: lala kwanza mpenzi, maneno bado ya moto, tutaongea yakipoa. Wimbo wa mwanamume na mkewe waliogombana. Chini yake kulikuwa na gitaa na ngoma, na ulichezeka. Alisimama hapo mpaka muuzaji akamuuliza mara ya tatu anataka sabuni ya kipande au ya unga.

Hakumwambia Nyuzi chochote. Mumewe aliusikia ndani ya lori, akarudi na kusema, "Huyo mdogo wako hana haya." Safari za lori zikarefuka, kisha lori likaacha kurudi. Wimbo ukaenda kila mahali. Wakauimba kwenye harusi, maharusi wakiwa katikati. Miaka minane baadaye aliingia kazini katika hospitali ileile, si kwa ajili ya kumbukumbu yoyote, bali kwa sababu walikuwa wanatafuta watu wa kufulia naye alikuwa anatafuta kazi. Nyuzi alikuja kumsalimia kila mwisho wa mwezi. Waliongea habari za mvua, za miguu inayouma, za ndugu wa mbali waliokufa.

Siku kumi kabla ya onyesho, Boila alikuja na wazo lililopitishwa na kundi zima. Wimbo wa Lala Kwanza ukianza, watu wote wainue vitambaa vyeupe. Msimamizi alikuwa amemruhusu kuchukua shuka zilizochakaa, zile zisizofaa tena hata kutiwa viraka. Mshonaji alizikata, akapata vitambaa zaidi ya mia sita, vya ukubwa wa leso. Boila akavileta kwenye toroli.

"Mama Pasi, tupitishie kwenye rola. Visionekane kama matambara."

Alilitazama toroli. Baadhi ya vitambaa vilikuwa na madoa ya kahawia ambayo hayatoki hata kwa dawa kali; vilikuwa vimetoka kwenye vitanda ambamo watu walikuwa wamekufa, naye alikuwa amevipiga pasi mara ngapi, hakuna ajuaye. Alizima mashine. Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyemwona akiizima katikati ya kazi.

"Wimbo huo ni wa mazishi," alisema.

Boila alicheka kidogo. "Kila mtu na tafsiri yake, mama. Kuna jamaa kundini anasema ni wa siasa."

"Sikupi tafsiri. Niliuimba mimi, mtoto wangu akiwa kitandani mbele yangu. Nilidhani amelala."

Akawaeleza. Hakuchukua muda mrefu. Hata dakika tano hazikufika. Mshonaji alikaa juu ya rundo la nguo za upasuaji na kushika kichwa. Boila aliitoa karatasi nyuma ya sikio, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Pole, mama," alisema. "Sikujua. Hakuna aliyejua."

Boila hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kundi. Jioni ile alikaa kwake na kuandika habari yote, kwa adabu, akiwaomba mashabiki waufikirie upya wimbo ule. Asubuhi alikuja kumsomea Mama Pasi majibu, akiamini amemtetea.

Mmoja aliandika kwamba dada za wasanii ndivyo walivyo, jina la ndugu yao likikua nao hutafuta pa kujibanza. Mwingine aliandika kwamba wimbo ukishatoka mdomoni hauna mwenyewe. Mwanamke mmoja aliandika kwamba wimbo ule ndio aliochezea siku ya ndoa yake, na mumewe ni marehemu, na hataki mtu amwambie leo kwamba siku ile alikuwa anacheza matangani. Hao Mama Pasi aliwaelewa. Waliomuumiza ni waliomwamini. Waliandika kwamba sasa wimbo umezidi utamu. Wakapendekeza aletwe jukwaani, awekewe kiti, kisa kisimuliwe kwanza, ndipo uimbwe. Watu sabini na wawili walikuwa wameunga mkono.

"Zima hiyo simu," alimwambia Boila, akaenda kuwasha mashine yake.

Jumamosi mchana, siku moja kabla ya onyesho, alikwenda kwa Nyuzi. Mdogo wake aliishi vyumba viwili nyuma ya karakana ya matairi, peke yake tangu mkewe ahamie kwa watoto. Alimkuta amekaa, mguu wa kushoto juu ya ndoo iliyopinduliwa, umefungwa bandeji. Sukari ilikuwa imeshamnyang'anya vidole viwili.

"Karibu dada. Sogeza hizo nyaya ukae."

"Mguu unaendeleaje?"

"Unaendelea kupungua."

Alicheka peke yake. Dada akasogeza nyaya, akakaa. Nje mtu alikuwa anagonga ringi kwa nyundo. Nyundo iliponyamaza, Nyuzi alisema bila kumwangalia, "Wamenisomea ya kundini."

"Ni kweli au nimeongopa?"

"Ni kweli." Alikwaruza ukingo wa bandeji. "Nilidhani ulishanisamehe. Miaka yote hukusema neno."

"Nilinyamaza tu, mdogo wangu. Kunyamaza si kusamehe."

"Ungeniambia mwaka uleule."

"Ungeacha?"

Alifikiri. Hilo dada alilithamini, kwamba alifikiri. "Hapana," alisema. "Nilikuwa natafuta watu wa kunisikiliza kama mwenye njaa anavyotafuta chakula. Usiku wa kwanza tulipoupiga, watu waliacha kuongea. Ilikuwa mara ya kwanza watu kuacha kuongea kwa ajili yangu. Nisingeacha."

"Basi kesho kutwa usiuimbe."

"Ni kesho, dada. Kesho ndiyo Jumapili."

"Kesho, basi. Usiuimbe."

"Hao wote wanakuja kwa sababu ya huo. Uniondolee huo, nabaki mzee mwenye vidole vinane vya miguu."

"Mara moja tu. Sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe."

Ilikuwa kweli, na wote wawili walijua. Nyuzi aliinua macho, akayashusha. "Nitaona," alisema.

Tangu utotoni, nitaona ya Nyuzi ilikuwa na maana ya hapana. Mama Pasi alimchemshia maji, akamfulia shati jeupe la kuvaa jukwaani, akalianika, akaondoka. Siku ya onyesho alimbadilishia zamu mwenzake aliyetaka kwenda, akakaa siku nzima peke yake na shuka za wodi sita.

Yaliyotokea uwanjani aliyasikia Jumatatu kutoka kwa Boila, aliyemfuata mapema kabla ya mashine kuwashwa. Hakuwa na karatasi wala simu mkononi.

Bendi ilianza saa kumi alasiri. Walipiga nyimbo kumi na moja, Daraja la Kamba lote la dakika kumi na saba likiwemo, na watu walisimama kwa magoti yao wasilalamike. Vitambaa havikuwepo, mshonaji alikuwa amevirudisha stoo na kuondoka na ufunguo. Baada ya wimbo wa kumi na moja watu walianza kuita, lala, lala, lala. Nyuzi alisogelea maikrofoni akiegemea fimbo. Akasema, "Huo leo siuimbi. Si wangu."

"Watu walicheka," alisema Boila. "Walidhani anawatania, kama anavyofanyaga. Akarudia. Akasema ni wa dada yangu, na dada yangu amekataa. Pakatokea miguno, mtu akarusha chupa, haikumfikia. Halafu upande ule wa kushoto, karibu na geti, wakaanza kuimba wenyewe."

Mama Pasi alikuwa anafunga aproni. Mikono ilisimama.

"Walianza kama watu ishirini. Haikuchukua muda, uwanja mzima. Yeye amesimama, anatikisa kichwa, anawapungia mkono wanyamaze. Mpiga ngoma akaanza kuufuata mshindo wao. Sijui kama alikusudia, mikono ya watu wale imezoea. Kisha besi ikaingia. Kisha gitaa la pili. Wote nyuma ya mgongo wake. Aligeuka akawatazama, mama. Akalivua gitaa lake shingoni, akaliweka chini, akaondoka."

"Wakaendelea?"

"Wakaendelea. Mpaka mwisho, beti zote nne." Boila alitazama sakafu. "Na mimi niliimba. Nilijikuta tu naimba. Nimekuja kukwambia hilo kabla hujaambiwa na mwingine."

Mama Pasi alimaliza kufunga aproni. "Umefanya vizuri kuniambia," alisema. "Kawashe tanuri."

Siku hiyohiyo, saa kumi na moja jioni, Nyuzi alikuja nyumbani kwa dada yake. Alikuwa ametembea kutoka barabara kuu, na bandeji ilikuwa imelowa damu na vumbi. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akapewa maji ya kunywa.

"Nimejaribu," alisema.

"Nimesikia."

"Hawakuhitaji hata mimi niwepo." Akayanywa maji yaliyobaki. "Dada, niimbie ulivyokuwa. Ule wako. Niusikie mara moja, kisha nisiuguse tena maisha yangu."

Mama Pasi hakuwa ameuimba kwa miaka thelathini na minne. Akakaa kwenye kigoda, akakohoa, akaanza: lala kwanza mpenzi. Akakoma. Akarudia, akaliweka lile neno lake mahali pake, mwanangu, lakini sauti ilimtoka na pigo la ngoma ndani yake, ikisimama pale inaposimama ya bendi, ikipanda pale gitaa linapopanda. Baada ya neno yakipoa hakukuwa na kitu. Alikumbuka vizuri kwamba kulikuwa na maneno mengine, mengi, ya wiki nzima. Yaliyokuja ni ya redioni.

"Siujui," alisema. "Nimesahau wa kwangu."

"Niliuandika," alisema Nyuzi haraka. "Nyuma ya daftari. Tulipohama nyumba ile daftari lilipotea." Alifumba macho. "Kulikuwa na mto. Niweke kichwa chako juu ya mto."

"Hatukuwa na mto. Alilalia mkono wangu, au nguo iliyokunjwa."

"Basi ilikuwa nguo. Gauni?"

"Sikusema gauni. Sidhani."

"Ya rangi gani?"

Alijaribu kulikumbuka gauni. Alijaribu sana, kisha akaweka mikono usoni, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ile ya karai alilia mbele ya mdogo wake. Nyuzi hakumgusa. Alikaa na bilauri tupu magotini, akitazama mguu wake. Dada alipomaliza kulia aliinuka, akapasha maji, akatia chumvi, akaufungua ule mguu. Kidole cha tatu kilikuwa cheusi.

"Kesho tunakwenda wote hospitali," alisema. "Usiniambie utaona."

Walimkata mguu chini ya goti wiki mbili baadaye. Bendi ilipata mwimbaji mwingine, kijana mwenye sauti nzuri, na ubishi kundini ukaisha wenyewe: video ya uwanja ukiimba bila bendi ilikuwa imesambaa, na sasa kila onyesho linafunguliwa na Lala Kwanza, mwimbaji akinyamaza na kuwaachia watu. Boila aliacha ukatibu. Alisema ni kwa sababu ya kazi nyingi.

Nyuzi alihamia kwa dada yake, naye akastaafu mwaka uliofuata. Asubuhi humwogesha, humfunga bandeji kipande cha mguu kilichobaki, humsaidia kufika mlangoni penye jua. Amemnunulia magongo. Nyuzi anasema yanamuumiza kwapani, na bado hajayazoea.